Égide na Mwenyekiti wa Mto

Wiki saba nzima Égide alisukuma baiskeli. Hakuipanda. Aliisukuma kando ya mto, kilomita tisa kila asubuhi, kama mtu anayempeleka ng'ombe mgonjwa kwa daktari. Tairi zilikuwa nzima. Breki zilishika. Cheni aliipaka grisi mwenyewe kila Jumapili. Na miguu usiulize: huyu ni mwanaume aliyebeba abiria kwa baiskeli kutoka soko la Kamenge, Bujumbura, kwa miaka sita, wengine wakiwa na mbuzi mapajani. Hata hivyo alisukuma tu, watu wakimpita mbio na kumsalimia, yeye akiangalia chini kama amekamatwa na kuku wa jirani.

Na kazini akawa anachelewa.

Hapo ndipo penye uchungu, tuseme mapema. Égide alikuwa mlinzi wa mchana kwenye geti la fleti fulani huko Randburg. Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, kamili. Alikuwa ameshakula barua mbili za onyo kwa kuchelewa, na kwenye kampuni yao barua ya tatu ni kwaheri. Mrundi mwenye karatasi ya ukimbizi inayotaka kufanywa upya kila baada ya miezi michache, akipoteza geti Johannesburg mwaka 2017, hapati lingine kwa kupiga simu mbili. Anakaa nyumbani anaangaliana na mke.

Mke alikuwa Annick, na Annick ndiye sababu ya nusu ya mambo haya.

Mwaka uliotangulia Égide alikuwa anakwenda kazini kwa baiskeli hiyohiyo, barabarani, pamoja na magari. Asubuhi moja kwenye robot, zile taa za barabarani, taxi moja, basi dogo la abiria, ikakata kona bila kuashiria, kioo chake kikamzoa. Mtulinga ukavunjika. Annick alifika hospitali na binti yao Orlane, wa miaka minane. Hakulia. Aliuchukua mkono mzima wa mumewe akauweka juu ya kichwa cha mtoto.

"Apa," akasema. "Sema hutapanda tena baiskeli katikati ya magari."

"Annick, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Apa."

Akaapa. Kwao ukiapa kwa kichwa cha mtoto umemaliza, hakuna kurudi nyuma kutafuta maneno. Orlane mwenyewe alikuwa anakula chipsi, hakujua kichwa chake kimefanya kazi gani.

Basi ikabaki taxi. Kutoka Westdene, walikokuwa wamepanga chumba cha uani, kwenda Randburg, unashuka kwanza mjini, unapanga foleni, halafu unapanda nyingine kurudi upande uleule uliotoka. Ni ujinga, lakini ndivyo jiji lilivyo. Foleni ikiwa fupi, Égide anafika. Ikiwa ndefu, anakuta msimamizi wao, Khatibu, mtu wa Tanga, amesimama getini na mikono nyuma.

"Karibu, mheshimiwa," Khatibu anasema. "Tulikuwa tunakungoja wewe tulifungue jiji."

Barua ya kwanza. Barua ya pili.

Sasa, getini pale Égide alikuwa na tabia ya kutazama ng'ambo ya barabara, kwenye miti. Kila asubuhi kutoka kwenye miti ile walikuwa wanatokea watu kwa baiskeli. Wanaume na wanawake, kaptura za kubana, helmeti, tope mpaka puani, na wanacheka. Hakuna aliyeonekana kutoka kwenye ajali.

"Hawa wanatokea wapi?" alimuuliza Marcellin, mwenzake wa zamu, Mkongo wa Bukavu.

"Ku mto. Iko njia pale chini, inafuata maji mpaka kule kwenu Emmarentia."

"Na magari?"

"Gari itapita wapi, weye? Ni mto."

Jumapili ile Égide hakwenda ibada ya kwanza. Aliisukuma baiskeli kwenye ukingo wa barabara mpaka kwenye bwawa la Emmarentia, akaingia bustanini, akafuata maji. Alipofika kwenye miti mikubwa akasimama. Mikaratusi minene ambayo watu wawili hawawezi kuikumbatia, mierebi imeinamia maji, na chini yake kijinjia cha udongo mwekundu, laini, kimekanyagwa na matairi ya baiskeli peke yake. Mahali pengine mto umejengewa kingo za zege kama mfereji, njia inapita juu yake, imenyooka. Honi hamna. Ndege hadida, wale wa midomo mirefu, walikuwa wanapiga kelele zao juu ya miti, na hizo ndizo kelele zote zilizokuwepo. Ndani ya Johannesburg! Égide akapanda, akazungusha pedeli mara nne, bega likakubali, akaanza kucheka peke yake.

Halafu akakutana na wenye namba.

Walikuja watano kwa mstari. Kila mmoja mbele ya usukani alikuwa na kibao cha plastiki chenye namba kubwa, na juu ya namba, nembo. 2206. 3175. 941. Égide akashuka haraka. Namba na nembo zilimwambia kila kitu. Njia hii ina chama.

Mtu mwingine asingewaza hivyo. Lakini Égide alikuwa dereva wa taksi velo, baiskeli ya abiria, na dereva wa taksi velo Bujumbura hapandi bila kizibao chenye namba ya chama. Ukionekana unaendesha bila namba, vijana wa chama wanakushushia abiria, wanang'oa valvu, wanabeba baiskeli, na kuikomboa ni hadithi nyingine. Aliona hayo kwa macho yake, mara moja kwa kaka yake mwenyewe. Na kule kuna kanuni moja kila mtu anaijua: anayesukuma haguswi. Baiskeli inayosukumwa haiko kazini.

Kesho yake akamwambia Marcellin. Angemwambia mtu mwenye akili ya kutosha, habari ingeishia hapo. Lakini Marcellin anajua kila kitu, na asichokijua anakijua zaidi.

"Bien sûr iko chama," Marcellin akasema. "Wazungu hawa, unaona wanaacha kitu bila kadi? Kuogelea iko kadi. Kuazima kitabu iko kadi. Hata mbwa yao iko na kadi, nimeona miye. Sasa njia nzima ya mto waache bure?"

"Nikaulize?"

"Uulize nini? Ukiuliza wanajua hauna. Wanakuandika."

Hilo nalo lilikuwa kweli, huko Bujumbura. Basi hakuuliza.

Akaanza kusukuma. Annick alimwambia ukweli wa nusu: kuna njia ya mto, haina magari, na yeye anasukuma tu. Annick hakuamini kwamba Johannesburg ina njia isiyo na magari, maana hata uani kwa kanisa lao yanaingia. Lakini kusukuma alikubali. Kusukuma si kupanda.

Sasa piga hesabu ya upumbavu huu. Kilomita tisa kwa miguu ni saa moja na dakika arobaini. Égide anatoka nyumbani saa kumi na robo alfajiri. Pakiwa hakuna mtu, anaruka juu ya baiskeli, anaiba mita mia mbili, akisikia tu tairi linakuja anaruka chini na kuanza kusukuma kwa heshima. Tatizo, watu wa jiji hili wanaamka mapema sana kwenda kuchoka kwa hiari yao. Ikifika saa kumi na moja na nusu njia imejaa. Kwa hiyo mwendo wa mwisho wote ni kusukuma, jasho, na saa inakimbia. Siku nyingine anafika kumi na mbili kasoro mbili. Siku nyingine kumi na mbili na saba. Jioni anasukuma tena kurudi.

Ijumaa ya wiki ya saba alifika kumi na mbili na kumi na moja. Khatibu hakumtania. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alimpeleka pembeni ya kibanda.

"Bwana Égide, mimi na wewe hatuna ugomvi. Unajua hilo?"

"Najua, mkubwa."

"Barua ya tatu imeshachapwa. Iko kwenye droo. Imebaki tarehe tu. Jumatatu ukinipita hata dakika moja, naandika tarehe. Usinilaumu, nami nina wa kunilaumu."

Égide hakula chakula chake cha mchana siku hiyo. Mbele yake aliona njia mbili. Apande bila namba, wamnyang'anye baiskeli. Au aende mwenyewe kwa mwenyekiti wa mto, aombe namba kama mwanaume, wakimwandika wamwandike.

Jumamosi alikuwa na mapumziko. Akavaa shati la kanisani. Kwenye folda ya plastiki akatia karatasi yake ya ukimbizi, picha mbili za pasipoti na barua ya mchungaji kwamba ni mtu mwaminifu. Akasukuma mpaka Delta Park, kwenye uwazi chini ya miti ambapo wenye baiskeli hukusanyika Jumamosi kunywa kahawa na kusifiana. Walikuwa kama kumi na tano. Égide alisimama mbali, akasoma vibao. Kwao namba ndogo ni mwanachama wa zamani, na mwanachama wa zamani ndiye anayejua mwenyekiti anakaa wapi. Namba ndogo kuliko zote pale ilikuwa 88. Ilikuwa kwenye baiskeli ya mwanaume mweusi wa miaka hamsini hivi, ana kitambi kizuri ndani ya fulana ya kubana, anakula muffin.

Kiingereza cha Égide ni cha getini: jina, namba ya fleti, saini hapa. Akajikaza.

"Samahani, bosi. Namtafuta mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa nini?"

"Wa njia. Wa mto huu."

Yule mwanaume akageukia wenzake. "Jamani, mto una mwenyekiti?"

"Kama yupo nina malalamiko," akasema mama mmoja mwenye helmeti ya njano. "Kuna nyuki pale darajani."

Wakacheka. Égide hakucheka. Akafungua folda, akatoa picha zake mbili na karatasi zake, akanyoosha mkono. Yule mwanaume akazipokea, akaangalia picha, akaangalia shati lililopigwa pasi, na kicheko kikamwisha.

"Hizi za nini, kaka?"

"Za kujiandikisha. Nipate namba kama yenu. Nina wiki saba nasukuma. Sijapanda," akasema Égide, halafu kwa sababu ni mtu mkweli, akaongeza, "nimepanda kidogo."

"Eish," yule mwanaume akasema. Akajitambulisha: anaitwa Molefi, anakaa Linden, ana duka la miwani. Akakigonga kibao chake kwa kidole. "Hii? Hii ni ya mashindano ya mwaka jana. Kila anayeshindana anapewa namba siku ile. Yameisha. Mimi sijaitoa tu."

"Hajaitoa ili watu wajue alishindana," akasema mama wa helmeti ya njano.

"Wewe nyamaza, yako ni ya 2014."

Égide aliangalia vibao vyote upya. "Kwa hiyo asiyekuwa na namba anapanda?"

"Anapanda."

"Hata mgeni?"

"Mgeni wa wapi?"

"Burundi. Mimi ni mkimbizi."

"Na baiskeli uliinunua wapi?"

"Fordsburg."

"Basi baiskeli ni ya hapahapa. Tatizo liko wapi?"

"Siku wakinikamata nimtaje nani?"

Molefi akamrudishia karatasi zake moja moja, kwa mpangilio, kama karani. "Nitaje mimi. Lakini hakuna wa kukukamata, kaka. Njia ni ya jiji. Ni yangu, ni yako, ni ya yule mbwa pale. Kitu kimoja tu: kwenye giza subiri mwenzako, kuna wezi wa baiskeli kule chini ya daraja. Mengine yote sharp, hayana neno. Panda."

Égide akalaza baiskeli chini. Alikaa kwenye nyasi na shati lake la kanisani, akaanza kucheka, na kicheko kikakataa kukoma. Alikuwa anapiga hesabu. Wiki saba, siku tano, kilomita kumi na nane kwenda na kurudi. Zaidi ya mia sita. Angesukuma kwa mstari mnyoofu angekuwa ameshafika Durban, amelowesha miguu baharini. Mama wa helmeti ya njano akamletea kahawa, akidhani anaumwa.

Jumatatu alitoka nyumbani kumekucha, maana majira ya joto huko kunakucha saa kumi na moja, akapita bwawa, akapanda. Dakika thelathini na nne. Kwenye mteremko wa mikaratusi aliachia breki, akampita kijana mwenye baiskeli ya bei ya gari. Saa kumi na moja na nusu alikuwa getini amekaa, anafuta tope kwenye viatu.

Khatibu alifika, akaangalia saa yake, akaipiga piga.

"Umelala humu?"

"Hapana, mkubwa. Nimetoka nyumbani."

"Leo?"

"Leo."

Khatibu akaingia kibandani, akavuta droo, akaitoa ile barua, akaikunja mara nne. "Basi hii nitaitafutia mtu mwingine," akasema, na jicho lake likaenda kwa Marcellin, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye taxi.

"Namba walikupa?" Marcellin akauliza walipobaki wawili.

"Hakuna namba. Hakuna chama."

"Wamekuficha tu."

Hapo mambo yangekuwa yameisha vizuri, kama Égide angemwambia mkewe jioni ileile. Hakumwambia. Alitaka kwanza wiki ipite, aonyeshe kwamba yuko mzima. Wanaume wana hesabu zao za kijinga. Jumatano mvua ikanyesha, njia ikawa tope, na usiku wakati wa kufua Annick akalishika shati la kazi, akalinyanyua kwenye taa.

"Papa Orlane. Njoo uone."

Mgongoni mwa shati, kutoka kiunoni mpaka shingoni, kulikuwa na mstari wa tope, umenyooka kama umepigwa rula.

"Mvua," akasema Égide.

"Baiskeli inayosukumwa haitupi tope mgongoni kwa mtu. Mimi nimeolewa na taksi velo, usinifundishe. Umepanda."

"Nimepanda. Mtoni. Hakuna magari, Annick."

"Uliapa kwa kichwa cha huyu." Orlane alikuwa anafanya hesabu za shule mezani, akainua kichwa, akaona mambo ni ya wakubwa, akakirudisha kwenye daftari.

"Niliapa katikati ya magari, na magari hayapo. Kwenye kuvuka barabara nashuka. Naomba uje uone."

"Niione Johannesburg isiyo na magari? Na mbinguni utanipeleka lini?"

Akaifunga baiskeli kwa kufuli kwenye nguzo ya kamba ya nguo, ufunguo akautia kifuani. Alhamisi na Ijumaa Égide akarudi kwenye foleni. Alhamisi alifika kasoro dakika tatu, Ijumaa akafika kumi na mbili na nne. Khatibu aliangalia saa, akaangalia mbinguni, akasema, "Hii sijaiona. Jumatatu nitaiona." Jioni ile Égide hakubishana nyumbani. Alimwambia mkewe neno hilohilo la Khatibu, basi.

Jumapili baada ya ibada, Annick alimwacha Orlane na watu wa kwaya, akaja uani na kitenge chake cha kanisani, akafungua kufuli.

"Twende unionyeshe mbingu yako."

Walitembea mpaka bwawani, baiskeli katikati yao. Kwenye mwanzo wa miti Égide akashika usukani, Annick akakaa kwenye keria kimbavu, mkono mmoja kwenye mkanda wa mumewe. Aliubana mkanda ule mpaka Égide akapumua kwa shida. Kilomita ya kwanza Annick alifumba macho, anangoja honi. Haikuja. Wakapita kwenye kingo za zege, bata wawili wakahama bila haraka. Wakaingia kwenye mikaratusi, ubaridi ukawapokea.

"Simama," Annick akasema.

Égide akasimama. Alijua ni hapa. Akitikisa kichwa hapa, kesho ni foleni, na baada ya foleni ni ile droo.

Annick akashuka. Alitembea mbele mpaka kwenye kona, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kama mtu anayevuka barabara kuu. Akachuchumaa, akainua kitenge kisishike vumbi, akaanza kuusoma udongo. Alama za baiskeli. Alama za viatu. Mbwa, wengi. Akasogea hatua kumi, akachuchumaa tena. Mzungu mmoja mzee akapita akikimbia, akamwamkia, Annick akamwitikia bila kuinua macho. Alikagua kama anakagua mchele.

Mwishowe akasimama.

"Gari halijapita hapa."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Sasa nimeona." Akajifuta mikono. "Unajua tangu mwaka jana simu ikilia asubuhi nafikiri nini? Nafikiri ni hospitali. Hata akipiga dada yangu. Siwezi kusema haloo."

Égide hakuwa anajua. Akashika breki, akaiachia, akaishika tena.

"Barabara za kuvuka ni ngapi?"

"Nne."

"Zote unashuka?"

"Zote nashuka. Nasukuma."

"Hilo kusukuma unalijua vizuri," Annick akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akacheka. Akatoa ufunguo kifuani, akamtilia mfukoni mwa shati.

Tangu ile ajali, kila asubuhi Égide akitoka, Annick alikuwa anaamka naye. Hakuwa na kazi ya kufanya saa hiyo. Alikaa tu kitandani na simu mapajani mpaka ipite saa kumi na mbili. Jumatatu Égide alivaa, akafunga kamba za viatu, akamgusa bega.

"Naenda."

"Mm," akasema Annick, akageukia ukutani, akavuta blanketi lote upande wake. Kabla Égide hajaufikia mlango, alikuwa ameshaanza kukoroma.